Mwanafunzi wa Kumi

Maricielo Taipe alikufa mwezi wa Julai, siku ya Jumanne, mgongoni kwa mama yake, kabla hawajamaliza kushuka njia ya zahanati. Alikuwa na miaka tisa. Alianza kukohoa Jumatano ya wiki iliyotangulia, katika siku zile za baridi inayoua alpaka, mifugo yetu ya sufu, wakiwa wamesimama. Alhamisi ndiyo siku ya muuguzi kupanda kwetu, na Alhamisi ile hakupanda. Eudosia, mama yake, alimpaka mtoto mafuta ya lama kifuani, akamnywesha maji ya majani, akangoja. Jumanne asubuhi alimfunga kwa blanketi, akaondoka naye kwa miguu. Kwenye saa nne hivi aliona kwamba kichwa cha mtoto kimekuwa kizito begani. Akageuka, akarudi naye nyumbani.

Mimi ndiye niliyemshika Maricielo mbele ya padri siku ya ubatizo wake, kwa hiyo mimi na Eudosia tulikuwa tukiitana kompadre na komadre. Mwaka ule nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya shule yetu ya Yanaccasa. Navitaja vyote viwili kwa sababu jambo nililokwenda kumwomba nilikwenda nalo kama mwenyekiti, na yeye akanipokea kama kompadre.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, darasa la kwanza hadi la sita pamoja. Mwalimu Rosaura Ñahui alikuwa mtu wa bondeni. Alipanda Jumatatu, akashuka Ijumaa, na siku za katikati alilala kwenye stoo nyuma ya darasa, juu ya ngozi za kondoo. Kabla yake tulikuwa tukiletewa walimu wanaokaa wiki mbili, kisha wanaugua ghafla na hawaonekani tena. Yeye alikaa miaka sita. Asubuhi alifundisha kwa Kikechua chetu, baada ya chakula akafundisha Kihispania, na watoto wakajua. Watu wa bondeni walizoea kusema kwamba watoto wa huku juu wana vichwa vya mawe. Baada ya Rosaura hawakusema tena, angalau si mbele yetu.

Mwaka mmoja kabla ya msiba, mradi wa watu wa nje ulituletea vishikwambi kumi na paneli ya sola. Walibandika ukutani picha kubwa ya mtoto anayecheka, mtoto ambaye hakuna aliyemjua, na chini yake maneno: Elimu bora kwa kila mtoto, popote alipo. Sauti ya mwanamke iliyokuwa ndani ya vishikwambi ilisema Kikechua cha upande wa Cusco, na watoto walimcheka, wakasema anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Hata hivyo walimsikiliza. Kila Ijumaa Rosaura alishuka navyo kwenye mtandao, na kazi zote za watoto zikaenda mji mkuu, na kutoka huko zikaenda sijui wapi ng'ambo ya bahari.

Maricielo aliwapita wote. Kufikia Juni alikuwa anagawanya namba kubwa peke yake. Siku moja tukiwa malishoni aliniuliza, alpaka wangu mia moja na saba nikiwagawia watoto wangu wanne, nani atachukua wale watatu watakaozidi. Nikamwambia hao nitawala mimi. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mvivu.

"Hesabu haina kula, baba wa ubatizo," akasema.

Tulimzika Alhamisi. Yalikuwepo mambo mengi ya kufikiria siku ile, lakini nikiwa bado na udongo mikononi nilijikuta nafikiria hesabu nyingine. Ofisi ya elimu ilikuwa imetuandikia mara mbili. Shule isiyofikisha wanafunzi kumi ingefungwa, na watoto wangehamishiwa Rumichupa, bondeni. Kwenda Rumichupa ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na katikati kuna mto unaovukwa kwa magogo mawili. Mimi nilisoma huko. Binamu yangu naye alisoma huko mpaka mwezi wa Machi alipoteleza. Ndiyo maana baba zetu walijenga ile shule kwa mikono yao kabla serikali haijakubali kuleta mwalimu.

Tulikuwa na wanafunzi kumi kamili. Sasa tulikuwa na tisa.

Kwetu, siku ya tano baada ya mtu kufa, ndugu huenda kijitoni kufua nguo zake. Nilikwenda pia. Walifua sweta yake, sketi ya shule na soksi, wakavianika juu ya nyasi, na kwa baridi ile vikawa vigumu kama mbao. Nilingoja mpaka wengine walipoanza kupanda. Eudosia alibaki amechuchumaa, mikono yake imekuwa myekundu hadi viwikoni. Luz Delia, mdogo wake Maricielo, mwenye miaka sita, alikuwa mbali kidogo akirusha vijiwe majini.

Nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu barua, kuhusu wanafunzi kumi waliobaki tisa, kuhusu magogo. Nilimwambia wakaguzi huja Septemba, wakihesabu na kuondoka basi tumepona mwaka mzima. Nikamwomba tuliache jina la Maricielo katika daftari la mahudhurio hadi Desemba.

Aliifuta mikono yake kwa sketi. Halafu akasema, "Mtoto wangu amekufa Jumanne, kompadre. Leo unataka nimpeleke shule."

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshageuka aliponiuliza kama Rosaura analijua jambo hili. Nikamwambia ndiyo, na kwamba Rosaura alilia, akasema hatakubali mpaka mama akubali. Eudosia akamtazama Luz Delia.

"Huyu hatapita kwenye yale magogo," akasema. "Liacheni. Ila mtu asije akalitaja lile jina darasani mdogo wake akiwepo. Mwandike tu. Msimwite."

Nikamwapia.

Agosti ikapita hivyo. Kila asubuhi Rosaura aliita majina tisa na kutia alama kumi. Watoto waliona, na watoto wa kwetu wanajua kunyamaza. Tatizo lilikuja kutoka mahali ambapo hatukupafikiria. Ijumaa moja Rosaura alishuka na vishikwambi, na kwenye mtandao akakuta ujumbe kutoka kwa mradi: mwanafunzi nambari saba hajafungua somo lolote kwa siku kumi na saba, tafadhali eleza. Nambari saba ndiye Maricielo. Vishikwambi vilikuwa vinahesabu pia, na vyenyewe haviwezi kutiwa alama kwa kalamu.

Jumatatu Rosaura alinifuata hadi zizini kwangu. Alikuwa amekonda. Alisema tukiandika kwamba mtoto amekufa, ofisi italiona siku hiyohiyo. Tukiandika kwamba ni mgonjwa, wataomba cheti. Mimi ndiye niliyesema kwamba Luz Delia anaweza kukitumia kishikwambi cha dada yake badala ya chake. Yeye alikuwa bado mdogo, hakuna anayemfuatilia mtoto wa darasa la kwanza. Rosaura aliniangalia, akasema, "Fortunato, tunafanya nini?" Akarudi darasani, akafanya.

Nilisema kwa mdomo wangu kwamba ni mpaka Desemba tu. Eudosia sikumwambia. Nilijiambia kwamba kiapo changu kilihusu kuitwa jina, na hapa hakuna aliyeita.

Luz Delia alikichukua kile kishikwambi kwa mikono miwili. Kila kilipowaka, sauti ya yule mwanamke wa Cusco ilisema, Habari za asubuhi, Maricielo. Rosaura alimwambia kwamba akikiwasha hicho, yeye anaitwa Maricielo, na akikizima ni Luz Delia tena. Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Alianza na herufi. Alishinda nacho hata wakati wa kucheza. Kwa wiki sita alifika kwenye kujumlisha, kisha kuzidisha, na Rosaura aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu naye ni wa aina ile ile.

Wageni walikuja Septemba, Jumatano, saa tano asubuhi. Walikuwa watatu: dereva, afisa elimu aliyeitwa Palomino, na mwanamke wa mradi, mtu wa ng'ambo, mrefu, midomo imepasuka kwa baridi. Palomino nilimjua. Alikuwa amewahi kufundisha huku juu enzi za ujana wake, na bado aliweza kutafuna majani ya koka bila kukunja uso. Tuliwapa supu. Eudosia alikuwa zamu ya jikoni wiki ile, na yeye ndiye aliyewapakulia.

Palomino alichukua daftari la mahudhurio. Rosaura akanyoosha mkono, akasema ataita yeye. Palomino akasema hapana, mwalimu, utaratibu ni kwamba anaita afisa. Akaanza kusoma kwa sauti, na watoto wakawa wanasimama mmoja mmoja na kujibu, "Nipo." Zenaida, binti yangu, alisimama. Nilikuwa mlangoni. Eudosia alikuwa nyuma yangu na sufuria.

"Taipe, Luz Delia."

"Nipo."

"Taipe, Maricielo."

Rosaura akafungua mdomo kusema tulichokuwa tumepanga, kwamba mtoto amemfuata baba yake pwani, Ica, anakofanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, na atarudi baada ya siku chache. Hakuwahi. Luz Delia alikuwa amekwisha kusimama tena. Kishikwambi kilikuwa mbele yake, kinawaka.

"Nipo," akasema.

Hakuna mtoto aliyecheka. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu nyuma yangu. Palomino alimwangalia mtoto, akaangalia daftari, akamwangalia tena. Alikuwa ameelewa, nadhani. Lakini yule mgeni hakuwa ameelewa, kwa sababu alitabasamu na kumsogelea Luz Delia.

Alisema kwa Kihispania chake cha kukwama kwamba anafurahi kumwona Maricielo hatimaye. Alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa na mstari uliochorwa, mstari unaopanda na kupanda kama njia ya mlimani, halafu katikati unakatika na kuanguka hadi chini kabisa, kisha unaanza kupanda upya. Alisema ofisini kwao wana watoto elfu nyingi, na kwamba mstari huu ulimshtua. Mtoto aliyekuwa anagawanya namba kubwa, Agosti anarudi kwenye herufi. Alisema ameomba yeye mwenyewe kupanda hadi huku, siku mbili za barabara, kwa sababu walikuwa wameahidi kwamba hakuna mtoto atakayepotea bila mtu kuuliza. Alitaka kujua ni ugonjwa, au njaa, au kuna mtu amemuumiza.

Halafu akaanza kuona kwamba mtoto ni mdogo mno. Akageuka kwetu.

"Nini kilimpata Maricielo mwezi wa Julai?" akauliza.

Rosaura hakutafsiri. Hapakuwa na haja, kwa kuwa Eudosia alijua Kihispania cha kutosha. Alinipita mlangoni bila kunigusa, akaingia darasani, akasimama karibu na Luz Delia. Alizungumza Kikechua, polepole, na safari hii Palomino ndiye aliyetafsiri.

"Alikufa," akasema. "Kifua. Nilikuwa nimembeba."

Mgeni alishika ukingo wa dawati.

"Hicho kioo kilijua kwamba ameacha kufanya hesabu?" Eudosia akauliza.

Mgeni alijibu ndiyo, kilijua.

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Lakini taarifa zinafika kwetu baadaye. Kwanza zinakusanywa."

"Na nyinyi mlijua lini?"

"Agosti."

Eudosia akatikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa na kujibiwa. Kisha akamuuliza Luz Delia nani kamwambia asimame kwa jina la dada yake. Mtoto alimtazama Rosaura, halafu mimi. Akakumbatia kishikwambi kifuani. Eudosia alimshika mkono, wakatoka. Alipofika mlangoni alisimama mbele yangu. Nilidhani atanitukana. Ningependa angenitukana.

"Ulisema haitwi," akasema.

Yule mgeni alilia, na sidhani alikuwa anaigiza. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, akasema ataandika kwa wakubwa wake, ataandika wizarani, shule kama hii haiwezi kufungwa kwa sababu ya mtoto mmoja. Naamini aliandika. Palomino alifunga daftari na kulitia mkobani. Alinivuta pembeni, ukutani penye jua.

"Ungenifuata mapema ukaniambia mko tisa, ningetafuta njia," akasema.

Nikamuuliza njia gani. Akatazama gari lao, akatema koka chini.

Mnamo Novemba alikuja kijana wa mradi na sanduku, akakusanya vishikwambi vyote kumi na kung'oa paneli ya sola. Alikuwa na adabu, alitupa karatasi ya kutia saini. Alieleza kwamba vifaa ni vya shule zilizomo kwenye orodha, na sisi tulikuwa tunatoka kwenye orodha. Picha ya ukutani hakuichukua. Rosaura alipewa barua ya onyo kali na uhamisho wa kwenda upande wa msituni, mbali na mama yake mgonjwa. Aliniaga akiwa amesimama juu ya lori. Alisema angeweza kukataa siku ile zizini na hakukataa, kwa hiyo nisibebe peke yangu. Lilikuwa neno zuri, lakini halikupunguza kitu.

Machi shule zilipofunguliwa, ya kwetu ilikuwa na kufuli. Kati ya watoto tisa, wanne walikuwa wameshahama na wazazi wao kwenda pwani. Wawili waliachwa nyumbani na mifugo. Watatu waliteremka Rumichupa: Zenaida wangu, msichana wa jirani, na Luz Delia. Mimi ndiye niliyewavusha mtoni, asubuhi na alasiri. Ilikuwa ndiyo kazi niliyojipa.

Huko Rumichupa walimtafuta Luz Delia katika kumbukumbu zilizotoka kwa mradi. Walimkuta, lakini kazi yake ilikomea Agosti, kwenye herufi tano za mwanzo. Yote aliyojifunza baada ya hapo yalikuwa ya Maricielo, na Maricielo alikuwa ameandikwa marehemu. Wakamrudisha darasa la kwanza. Zenaida aliniambia kwamba siku moja mwalimu alimkuta anazidisha namba nyuma ya daftari, akamuuliza kanakili kwa nani. Luz Delia akasema kwa dada yake. Mwalimu akauliza dada yuko darasa gani.

Juni baridi ikarudi. Wiki ya kwanza Luz Delia alianza kukohoa, na asubuhi iliyofuata nilipopita kumchukua nilikuta mlango umefungwa. Nilibisha. Eudosia alitoka, akauvuta mlango nyuma yake. Nilimwambia nitambeba mtoto mimi mwenyewe, nitamfunika, na kwamba akikosa miezi hii atapoteza mwaka mwingine, mtoto mwenye kichwa kama kile.

"Mwaka jana uliniomba jina, Bwana Fortunato, nikakupa," akasema. "Sasa unaniomba mtoto mwenyewe."

Hakuwa amekasirika. Alisema vile mtu anavyosema bei kwa mteja asiyemjua. Baada ya wiki mbili waliuza alpaka wao, wakaondoka kwa lori kumfuata mumewe Ica. Sikuambiwa siku. Nilisikia injini nikiwa malishoni.

Oktoba nilishuka Ica kupeleka sufu, nikawatafuta. Wanakaa kwenye vibanda vya wafanyakazi kando ya barabara kuu. Eudosia alikuwa shambani, anafunga zabibu. Nilimkuta Luz Delia kwenye kivuli cha turubai, analea watoto wachanga sita wa wanawake wengine, amewapanga kwenye masanduku ya matunda na kuwatikisa mmoja mmoja kwa zamu. Amerefuka. Kikohozi kimeisha, huko ni joto. Alinisalimu vizuri, akanipa maji.

Nilimuuliza kama kuna shule karibu. Akanyoosha kidole. Ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, ya ghorofa mbili, imepakwa rangi mpya ya njano. Alisema asubuhi anasikia majina yakiitwa, na ameshayajua yote ya darasa la pili, anaweza kunitajia. Nikamuuliza kwa nini basi haendi. Akasema mama yake alimpeleka mara mbili, wanataka karatasi ya uhamisho.

Nilikwenda Rumichupa kuiomba hiyo karatasi. Walisema faili la mtoto halijawahi kufika kutoka Yanaccasa. Ofisi ya elimu walisema mafaili ya Yanaccasa yamo katika uchunguzi na hayawezi kuguswa mpaka uchunguzi uishe. Nikauliza unaisha lini. Yule karani alikuwa msichana mdogo tu, mwenye huruma. Aliandika jina la mtoto kwenye kikaratasi, akaniuliza linavyoandikwa, nikamtajia herufi moja moja. Akanitaka nirudi baada ya likizo. Nimerudi mara tatu sasa. Kikaratasi bado kipo, amekibana kwenye kona ya dirisha lake, na kila nikifika hukitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi.